Lazima yao, hela ya shangazi

Jumatatu iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje giza totoro, nilikuwa nafagia darasa kwenye shule ya sekondari ya juu ninayofanyia usafi hapa Tampere, Finland. Chini ya dawati la nyuma nikaona waya. Nikaufuata kwa ufagio. Laptopu! Imeachwa kwenye chaji tangu Ijumaa, mgongoni ina stika ya dubu, katikati ya vibonye makombo ya biskuti. Nikampelekea habari mtunza majengo, hakuinua hata macho. "Iache hapo hapo, ni ya shule." Saa mbili mwenyewe akaja, kijana wa miaka 16 hivi, akaichukua kwa mkono mmoja kama mtu anayeokota ndala, huku akimlalamikia mwenzake kwamba ni nzito na inachelewa kuwaka.

Saa nne, niko mapumziko na kikombe changu cha chai, ukaingia ujumbe kutoka Mwanza. Mtoto wa kaka yangu, mwaka wa kwanza chuo. "Shikamoo shangazi. Samahani kwa usumbufu. Wametuambia laptopu ni lazima, kazi ya kuandikwa kwa mkono haipokelewi tena. Baba anasema atauza lile dume la Misungwi."

Chai ilipoa.

Najua mmeshaanza. "Huyu naye, kakaa Ulaya miaka sita, sasa kila cha nyumbani kinamnukia." Jamani, mimi nafagia. Mwenye maringo haamki usiku kwenda kuokota makombo ya watoto wa watu kwenye barafu. Na wala sisemi hapa ni peponi. Mji huu na Mwanza ni miji dada tangu 1988, na kila nikipita kando ya ziwa lao lililoganda nasema, kwenye kugawa urithi huyu dada alipewa friji, sisi tukapewa samaki. Sato wa kubanika wa Kirumba hawamjui. Jua la Desemba wanalisikia kwa jirani. Ningepewa kuchagua pa kuzeekea nisingejiuliza mara mbili.

Lakini kuna kitu kimoja wametuzidi, nacho si laptopu.

Hapa laptopu ni lazima kuliko huko kwetu. Mtihani wa kumaliza sekondari ya juu walianza kuuhamishia kwenye kompyuta mwaka 2016, na kufikia 2019 hata hisabati ilikuwa imehama. Mtoto anaingia chumba cha mtihani na mashine yake, anachomeka flashi, mashine inawaka kutoka kwenye ile flashi na intaneti yote imefungwa. (Flashi! Sisi flashi zetu zilikuwa zinatoka steshenari na virusi vya mji mzima.) Miaka ya mwanzo mzazi ndiye aliyenunua. Halafu mwaka 2021 wakasogeza elimu ya lazima hadi miaka 18, na kwa mkupuo huo huo vitabu na laptopu vikawa jukumu la anayetoa elimu. Yaani serikali ilipotamka neno "lazima", ikaingiza mkono mfukoni kwake. Haikuingiza kwenye mfuko wa shangazi.

Mtasema hiyo ni sekondari, tuongelee chuo. Haya. Chuoni hapa mtu anajinunulia mwenyewe, ni kweli. Lakini anafika chuo akiwa ameshazoea kompyuta miaka mitatu bila mzazi wake kuuza mfugo.

Sasa rudi nyumbani. Aliyebahatika kupewa mkopo kamili na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo, hela ya vitabu na viandikia ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Laptopu ya mtumba aliyoulizia binti yetu mjini ni laki sita. Pigeni hesabu wenyewe. Ni viandikia vya miaka mitatu, yaani shahada nzima, au siku sitini hujala na huna pa kulala. Na huyu wetu hata huo mkopo kamili hakuupata.

Nikampigia. Nikamuuliza, darasani unaifanyia nini hiyo laptopu?

"Darasani? Hakuna, shangazi. Mwalimu anawasha projekta, sisi tunapiga picha kwa simu, jioni zinarushwa kwenye kundi la WhatsApp."

Kwa hiyo ni ya nini?

"Ya kazi za vikundi. Kwenye kikundi chetu mmoja anayo. Yeye anachapa, sisi tunamchangia bando na chipsi."

Basi nikaelewa. Kipindi hakihitaji laptopu. Inayohitajika ni mahali pa kuchapa kurasa kumi mara chache kwa muhula, na pa kusomea makala ambayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka unaiona nusu nusu. Hiyo ni kazi ya chumba chenye mashine za chuo, umeme, na mlango unaobaki wazi usiku. Anayetaka kazi zilizochapwa aweke cha kuchapia. Akishindwa, apokee karatasi ya mkono. Nimesema jambo la ajabu hapo?

Binamu yangu mmoja kwenye kundi la ukoo aliruka kunisaidia, akaleta utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, wa vyuo vikuu vya Princeton na UCLA, kwamba wanafunzi walioandika kwa kalamu walielewa somo kuliko waliochapa. Nikamwambia asante, kaa chini. Utafiti huo ulirudiwa mwaka 2021 na ile tofauti kubwa haikuonekana. Na hata ingeonekana, wale walikuwa na vyote viwili mezani, wanachagua. Usimwambie mtu asiye na chaguo kwamba amechagua vizuri.

Maana wapo pia wa upande ule mwingine: "Mbona wewe ulisoma bila laptopu na ukamaliza?" Nilimaliza, ndiyo. Niwaambie nilivyomaliza. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulihusu maneno ya wavuvi, kokoro na karabai na mengine ambayo ukiyasema chuoni watu wanacheka. Niliuandika wote kwa mkono, madaftari mawili, nikaupeleka steshenari, nikalipia kila ukurasa. Dada wa pale alikuwa anachapa kazi za watu wanne kwa wakati mmoja huku anakula karanga. Umeme ulikatika, ukarudi, akaanza upya bila kunung'unika. Nikachukua, nikapeleka kuunganishwa, nikakabidhi. Wiki iliyofuata msimamizi akanirudishia jalada lenye duara jekundu. Kwa herufi kubwa, katikati ya ukurasa wa kwanza: ISTILAHI ZA WAVIVU WA MWALONI.

Wavivu! Wale watu wanaolala ziwani na taa. Na kumbe si jalada tu, ilikuwa hivyo hivyo kurasa zote, mpaka mahali nilipoandika kwamba wavivu hutoka usiku na kurudi alfajiri wamechoka. Nikalipa tena kurasa zote. Kwa hiyo msinitume kusifia ufukara kana kwamba ulinisomesha. Ulinichelewesha.

Na kabla hamjaniambia kuna fani haziendi bila kompyuta: najua. Mtoto wa takwimu, wa uhasibu, wa programu, huyo hata mimi ningemuuzia dume. Naongelea tangazo moja lililobandikwa kwa wote, mwalimu mtarajiwa na mtaalamu wa programu kwenye kapu moja, kana kwamba kila nyumba kuna mtu Tampere.

Nilitunga barua ya kupeleka chuoni. Kali, ya heshima, yenye mifano. Binti akanisihi, "Shangazi usipeleke, watanijua." Na kazi ya kwanza ilikuwa inatakiwa Ijumaa.

Nikatuma laki sita. Ndiyo, nilituma, baada ya maneno yote haya. Dume bado linakula majani Misungwi na kaka ameniita mtu wa maana, jambo ambalo hajawahi kulisema tangu tuzaliwe.

Jana kanitumia picha ya mlango wa chumba chake. Wako mabinti watano kwenye ile nyumba ya kupanga, na mashine imekuwa ya wote. Karatasi imebandikwa kwa plasta, imeandikwa kwa kalamu, mistari imepigwa kwa rula: LAPTOPU YA SHANGAZI. Chini yake zamu, kuanzia saa mbili usiku, kila mtu masaa mawili, umeme ukikatika zamu haifidiwi. Nikakuza picha kutafuta jina la binti yetu. Liko mstari wa nne. Saa nane hadi saa kumi usiku.