Kalenda ya Kiebrania si kitabu cha ramli

Kila Septemba inapokaribia, ujumbe wa namna moja huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa yetu: mwaka mpya wa Kiebrania unaingia, una namba yake, na namba hiyo imebeba siri. Tangu 5780 tumeambiwa tuko katika muongo wa kinywa, kwa kuwa herufi ya Kiebrania inayosimama badala ya 80 inahusishwa na kinywa. Basi tamka, kiri, na mwishoni, panda mbegu kwa namba ya simu ifuatayo. Jioni ya 11 Septemba 2026 unaingia 5787, na tutaelezwa siri ya 7.

Mimi ni Mkristo na nazipenda sikukuu hizi. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Kalenda ambayo watu wameibeba uhamishoni, wakaihifadhi chini ya wafalme waliowakataza kuishika, sisi tunaipigia ramli.

Tuanze na hiyo namba. Biblia haina mwaka 5787, wala hesabu iliyouzaa. Fungua 1 Wafalme 6 uone Sulemani anaanza kujenga hekalu lini: mwaka wa 480 tangu Waisraeli watoke Misri, mwaka wa nne wa kutawala kwake. Hagai anaandika "mwaka wa pili wa mfalme Dario". Baadaye, kwa karne nyingi, Wayahudi waliandika hati zao kwa kuhesabu tangu enzi ya Waseleuko, wafalme wa Kiyunani waliotawala Shamu. Hesabu ya tangu kuumbwa kwa ulimwengu ni kazi ya marabi waliojumlisha umri wa mababu na enzi za wafalme katika Maandiko, na ilizoeleka kwa watu katika Zama za Kati. Wayahudi wanaiheshimu na kuitumia. Lakini anayesema Mungu aliificha sauti yake ya mwaka huu ndani ya tarakimu ya mwisho, aonyeshe nabii gani aliyewahi kusoma tarakimu hiyo.

Hata neno "mwaka mpya" linahitaji utulivu. Kutoka 12 inasema mwezi wa kutoka Misri ndio wa kwanza, yaani Nisani, ambao huangukia Machi au Aprili. Siku ya kupiga tarumbeta, inayosherehekewa leo kama mwaka mpya, iko katika mwezi wa saba. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa mwanzoni mwa karne ya tatu, inataja miaka mipya minne: wa wafalme na sikukuu, wa zaka ya mifugo, wa kuhesabu miaka, na wa miti. Yaani mkulima, mfugaji na karani wa mfalme kila mmoja alikuwa na mwanzo wake wa mwaka.

Na ni kwa wakulima na wafugaji hao kalenda hii inakoeleweka. Miezi yake ni ya kuandama, siku 29 au 30, na siku huanza jua likizama, jambo ambalo halimshangazi anayesema saa moja ya usiku. Miezi 12 ya namna hiyo hutoa siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu wameukubali upungufu huo. Qurani katika Sura ya Tawba inakataza kuisogeza miezi, na Ramadhani huzunguka majira yote. Pwani yetu ilipohitaji hesabu ya shamba na ya pepo za bahari ilikuwa na Nairuzi pembeni, mwaka wa jua wa siku 365, ambao Makunduchi wanauadhimisha mpaka leo kwa Mwaka Kogwa. Wayahudi hawakuwa na nafasi ya kutenganisha hizo mbili. Pasaka lazima iwe mwezi mpevu, na Kumbukumbu 16 inaagiza iwe mwezi wa Abibu, ndio huo Nisani, shayiri inapokomaa, kwa sababu mganda wa malimbuko unatakiwa upelekwe. Mwaka ukikimbia mbele ya shamba, hakuna cha kupeleka.

Suluhisho lilikuwa kuongeza mwezi wa 13, yaani kuurudia mwezi wa 12, Adari. Na nani aliamua? Baraza la wazee. Waliangalia shayiri, matunda ya miti na mwendo wa jua. Waliangalia pia kama barabara na madaraja yameharibiwa na mvua, na kama mahujaji wa mbali wameshatoka kwao lakini hawajafika. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, imehifadhi barua ya Rabani Gamalieli kwa ndugu walio Babeli na Umedi: makinda ya njiwa bado madogo, wana-kondoo bado wachanga, majira hayajafika, hivyo imeonekana vema kwangu na kwa wenzangu kuongeza siku 30. Barua hiyo hainitoki akilini. Ratiba nzima ya ibada ya taifa lililotawanyika imesimama kumngoja mwana-kondoo akue.

Mwanzo wa kila mwezi ulikwenda hivyo hivyo. Mashahidi waliouona mwezi ukiandama walipanda Yerusalemu, katika ua mkubwa uitwao Bet-Yaazeki, wakaandaliwa karamu nono ili wengine wavutiwe kuja mwezi ujao. Mcheza kamari hakukubaliwa ushahidi wake, wala mkopeshaji wa riba. Jozi ya kwanza iliulizwa: uliuona upande gani wa jua, juu kiasi gani, umeinamia wapi? Baada ya hapo ushahidi ulitosha, lakini jozi nyingine nazo ziliitwa na kuulizwa maswali machache, Mishna inasema, wasije wakaondoka na kinyongo. Mtu ametembea usiku kucha kuja kusema ameuona mwezi. Usimrudishe bila kumsikiliza. Kisha mkuu akatamka "umetakaswa", na umati ukaitikia mara mbili.

Walikosana pia. Baada ya hekalu kuvunjwa mwaka 70, baraza likiwa katika mji wa Yavne, Rabani Gamalieli, mjukuu wa yule Gamalieli aliyemfundisha Paulo, alipokea mashahidi wa mwezi ambao Rabi Yehoshua aliona ushahidi wao haufai. Tofauti ya siku moja, lakini ilikuwa mwezi wa saba, hivyo Siku ya Upatanisho nayo ilihama. Gamalieli akamtumia agizo zito: njoo kwangu na fimbo yako na fedha zako katika siku ambayo kwa hesabu yako ni Upatanisho. Kwa Yehoshua huko kulikuwa kuinajisi siku takatifu kuliko zote. Alihuzunika sana, wenzake wakamsihi, akachukua fimbo na fedha, akaenda. Gamalieli alisimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake na mwanafunzi wake: mwalimu kwa hekima, mwanafunzi kwa kuwa alikubali neno lake. Sisi ambao kila mwaka tunawasikia ndugu zetu Waislamu wakibishana kama mwezi wa Makka unatosha au wangoje uandame hapa kwetu, tunajua uzito wa safari ile.

Kalenda ya hesabu iliyopo leo, yenye mizunguko ya miaka 19 ambayo ndani yake 7 ni ya miezi 13, mapokeo huinasibisha na Hillel wa Pili, karne ya nne. Haikumaliza ugomvi. Mwaka 921 na 922 wanazuoni wawili, Saadia Gaoni wa Babeli na Ben Meir wa nchi ya Israeli, walivutana mpaka Wayahudi wakala Pasaka siku tofauti. Na hata ndani ya hesabu kavu utamkuta binadamu. Mwaka mpya hauruhusiwi kuangukia Jumatano wala Ijumaa, kwa sababu Siku ya Upatanisho ingegusana na Sabato, siku mbili mfululizo zisizo na kazi. Talmudi inatoa sababu mbili: rabi mmoja anasema ni kwa ajili ya mboga, zisinyauke, mwingine anasema ni kwa ajili ya maiti, ambaye angekaa bila kuzikwa. Anayetaka siri ya kalenda ya Kiebrania, mojawapo ni hiyo.

Kuna jambo linalotugusa sisi wa ikweta moja kwa moja. Mwishoni mwa Sikukuu ya Vibanda Wayahudi huanza kutaja mvua katika sala, na siku ya kwanza ya Pasaka huacha, wengi wakiomba umande badala yake. Hayo ni majira ya nchi ya Israeli, ambako kiangazi hakina mvua kabisa. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, kiongozi wa vita wa Kiganda aliyeisoma Torati akaamua kuishika. Sala yao inapoacha mvua wakati wa Pasaka, ndipo masika yanapolowesha mashamba yao. Swali hili ni la kale. Talmudi inasimulia kuwa watu wa Ninawi walimwuliza Rabi Yuda Mkuu wafanye nini, maana kwao mvua inahitajika hata mwezi wa Tamuzi, katikati ya kiangazi. Akajibu waombe kama mtu anavyoombea haja yake binafsi, katika ile sehemu ya sala inayoomba Mungu asikie. Sala ya wote ikabaki na mawingu ya Yerusalemu. Ya kwako ipo, na ina mahali pake. Naona hekima kubwa humo.

Abayudaya hao wana historia ambayo wapiga namba wangeililia. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, wakaishika kwa siri. Wanajeshi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo iliyoingia Pasaka ya Kiyahudi. Sikumbuki tarehe nyingine ya Afrika Mashariki inayonigusa namna ile. Lakini namba 5739 haikuwa imetangaza chochote. Watu walikuwa wameendelea kuishika sikukuu katika miaka ambayo hakuna aliyewaahidi lolote, na ukombozi ukawakuta wakiwa wameishika.

Sasa nirudi kwenye mbegu. Andiko linalosomwa sana wakati wa kukusanya sadaka za "majira ya Kiebrania" ni Kumbukumbu 16:16, kwamba wasionekane mbele za BWANA mikono mitupu. Husomwa peke yake. Aya inayofuata inasema kila mtu atoe awezavyo. Aya ya 14, ya Sikukuu ya Vibanda, inataja watakaofurahi pamoja nawe: mtumwa wako na mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Na katikati ya orodha ya sikukuu kwenye Walawi 23, kati ya Sikukuu ya Majuma na siku ya tarumbeta, imewekwa amri ya kutovuna pembe za shamba, ili maskini na mgeni waokote. Sadaka ilipanda madhabahuni, na chakula kilikwenda kwa asiye na shamba.

Sikukuu ya Vibanda ya 5787 inaingia jioni ya 25 Septemba 2026. Kanisa linalotaka kuiadhimisha lina aya ya 14 mbele yake, na wajane wake linawajua kwa majina.