Yai langu limekuwa kidhibiti

Jamani nna hasira na nna njaa. Sijala. Yani nimekula nusu, nusu ya yai, na nusu ya pili iko ofisi ya kata kwenye bahasha ya kaki imepigwa mhuri, naambiwa nirudi Jumatatu. Leo Ijumaa. Ni yai, lina kachumbari, na joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, hili ambalo hata ukuta unatoa jasho.

Ngoja nianze vizuri maana na chenji yangu imo humu humu.

Jioni stendi, daladala hamna, zilizopo zinakatisha ruti, konda anakwambia mwisho hapa hapa kama vile ulimwomba akusindikize tu. Mi nimesimama tangu saa kumi na moja, na mchana nilikunywa maji kwa sababu za kibajeti ambazo sina haja ya kumweleza mtu. Akapita kijana wa mayai. "Anko, moja?" Nikamwambia moja, kachumbari jaza. Nikampa buku. Hapo kwenye buku pashikeni, yai ni mia tano.

Sa we angalia fundi anavyofanya kazi. Kaligonga mara mbili kwenye ukingo wa ndoo, kaliviringisha kwenye viganja, ganda limetoka lote kama soksi. Kapitisha kijisu kati bila kufika chini, yai limefunguka kama kitabu. Kachota kachumbari, nyanya, kitunguu, karoti mbili tatu za kuombea, akaisindilia na mgongo wa kijiko, halafu ile chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa na msumari akaifinya fyu fyu fyu, pilipili. Kanikabidhi juu ya karatasi ya daftari. Sekunde ishirini. Mi nishawahi kwenda semina kwenye hoteli ya nyota nikangojea chai dakika arobaini, ikaja na kijiko hakuna.

Nikang'ata. Nusu nzima, mdomo umejaa.

"Tulia hapo hapo!"

Nikajua mwizi, nikashika simu. Kumbe naambiwa mimi. Nageuka, bwana afya wa kata yetu, shati la kuchomekea, faili kwapani, nyuma yake mgambo wawili, mmoja ana rungu kubwa kuliko mkono wake. Nageuka kwa kijana wa mayai, hayupo. Na hakukimbia, maana mtu akikimbia unasikia ndala. Yule aliyeyuka. Ndoo, trei, kopo la kachumbari, na mia tano yangu. Kimebaki kijiko chini.

Bwana afya ananinyooshea mkono kama trafiki, anasema, "Mzee wangu, usimeze."

Usimeze! Mi nna yai mdomoni, pilipili ishafika puani, mtu ananiambia nisimeze. Nikameza. Wala si kwa ubishi, mwili wenyewe ndo ulimeza.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Akafungua faili akaandika. Nikachungulia, kaandika "mlaji amekiri kumeza."

Ndo akaanza kunielimisha. Kwamba kipindi hiki kachumbari imezuiwa, matunda ya kukatwa yamezuiwa, juisi za kupima zimezuiwa, sababu ya kipindupindu. Nikamuuliza na yai je? Akasema yai halina shida ilimradi lina ganda lake. Sasa afisa mi nile ganda? Akaniambia tusifanye masihara na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kwamba muuza chakula awe na cheti cha kupima afya, na anapima upya kila miezi sita, avae aproni na kofia, chakula kifunikwe, kiwe cha moto, pawe na maji ya kunawa yanayotiririka, na pawe na choo karibu.

Choo stendi nzima kimoja, mia mbili, na mlinzi wake ana chenji mara chache kuliko kijana wa mayai. Maji bombani yanatoka Jumanne, na siku mtu mkubwa akija. Yanayotiririka lakini yapo, sikatai. Mtaro ule nyuma ya kibanda cha tiketi unatiririka tangu masika ya mwaka juzi, kiangazi unatiririka, una rangi yake na povu lake, watu tunauruka na mabegi kichwani. Nikamwonyesha. Akautazama vizuri tu, kama mtu anayetazama picha, akasema, "Huo ni idara nyingine."

Hapo ndo nikapandisha. Watu washajaa, si mnajua stendi, hata aliyekuwa anawahi mochwari atasimama. Nikajisafisha koo nikasema afisa, mimi ni mtu mzima. Nina kitambulisho cha NIDA, nina watoto watatu, wawili wanasoma, mmoja anasema anasoma. Nimepiga kura foleni jua la saa saba. Tumbo hili ni langu, nalilisha mwenyewe, halijawahi kupata ruzuku, na kama nataka kuliwekea kachumbari ya stendi basi ni makubaliano kati yangu mimi na yeye tumbo. Nikataja katiba. Ibara sikutaja maana siikumbuki, ila niliitaja kwa sauti. Mama wa mihogo kwenye mwamvuli wake akasema "mwambie baba!" huku anafunika chachandu na kanga taratiiiibu, macho kwa mgambo.

Bwana afya kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema vizuri, mtuhumiwa kakimbia, kwa hiyo wewe ni shahidi na hilo ni kidhibiti.

Lipi? Hilo. Nusu iliyobaki mkononi.

Akamwambia mgambo lichukue. Mgambo akanyoosha mkono, bwana afya akasema ngoja, una glovu? "Sina mkuu." Umenawa? Mgambo akaangalia mkono wake, halafu akaangalia rungu. Yule wa pili akajificha mikono nyuma kabisa. Bwana afya mwenyewe naye glovu hana, ziliisha. Kwa hiyo kwa mujibu wa taratibu hakuna mtu pale stendi anayeruhusiwa kulishika lile yai isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi nishaambukizwa kama ni kuambukizwa. Tukaenda kata. Mguu. Yai nimelitanguliza mbele mkono umenyooka, mgambo kulia, mgambo kushoto, afisa nyuma na faili, watoto wa mtaani wamejiunga, yani aliyetuona kwa mbali alijua Mwenge wa Uhuru umepita bila kutangazwa. Mama mmoja alisimama kwa heshima.

Inzi akatua. Bwana afya akafoka, "Fukuza inzi, ataharibu kidhibiti!" Basi mgambo mkubwa mzima mwenye ndevu akawa ananipepea yai kwa faili kama bibi harusi. Na mi nalinusa. Ndimu ile. Njaa ile. Mara mbili nilifikiria nilitupe mdomoni nife nalo. Nikakumbuka nishakiri kumeza, na mtu akirudia kosa inakuwa kesi nyingine.

Ofisini fomu. Aina ya kidhibiti, yai la kuchemsha. Idadi, ikawa kikao. Mgambo anasema nusu, bwana afya anasema hapo panataka tarakimu, wakashauriana, wakaandika 0.5. Hali ya kidhibiti, "limeng'atwa." Thamani, nikasema mia tano, akasema mia mbili hamsini maana ni nusu, nikasema na kachumbari je, akasema kachumbari ni haramu haina thamani, nikasema mi nimetoa buku zima na chenji sijapewa kwa sababu mmemfukuza mwenye chenji, sa nani ananilipa? Akasema niandike barua.

Bahasha ikaletwa. Nikalidumbukiza mwenyewe. Mhuri kwapu, nikasikia yai limepasuka.

Kukawa kimya. Halafu yule mgambo wa rungu, kwa sauti ya chini, ananiuliza, "Mzee, ile kachumbari yake ilikuwa na ndimu?"

Nikasema ilikuwa na ndimu.

Bwana afya hakuinua macho kwenye fomu. "Siku hizi wanaweka ndimu?"

"Wanaweka."

Akahema. Nilimwonea huruma kwa kweli, sijui mchana alikunywa nini naye.

Akaniuliza, "Mzee wangu, 2015 ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa hapa hapa, usinitishe na 2015. Mwezi wa nane kipindupindu kimeanza hapa Dar, Kinondoni, kikaenda mikoani, kikavuka maji mpaka Zanzibar. Mpangaji mwenzangu tulimbeba usiku kwenye bajaji, anatoa maji meupe kama ya kuoshea mchele, kwenda tu hatukuamini kama atafika, dripu juu ya dripu, karudi siku ya tano kazeeka kumzidi baba yake. Tulichemsha maji mpaka mkaa ukaisha. Mihogo sikugusa. Juisi sikugusa. Nilinawa mikono mpaka mistari ya kiganja ikataka kufutika. Kwa hiyo sibishi kwamba ugonjwa upo, mtu asiniambie mi naona mchezo.

Ila yule mpangaji mwenzangu hakula kachumbari. Alikuwa hata kitunguu hapendi. Alikunywa maji ya kisima, kisima kiko hatua kumi na mbili toka choo cha shimo, nimezihesabu mwenyewe, na mvua ikinyesha vile viwili vinasalimiana. Kile kisima kipo mpaka leo. Tunakichota mpaka leo, maana bomba ni Jumanne. Hakijawahi kuja kupigwa mhuri, hakijawahi kuitwa kata kutoa ushahidi, hakuna mgambo aliyekitembeza na rungu. Kila mwaka wanakamata kachumbari, kisima kiko huru kinadunda. Na nilimwambia hivyo hivyo, tena wala si kwa utani, mkono ulikuwa unanitetemeka, na sauti ilipanda mpaka mhudumu wa ofisi akachungulia. Bwana afya akafunga faili. Nilijua atakachosema. Hata yeye alijua, ndo maana hakusema.

Halafu wanaokamatwa ni wale wale. Mama wa mihogo ana kile kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu ishirini alichokata vilipotoka Desemba 2018, kakitia nailoni, kakining'iniza kwenye mwamvuli kama hirizi, maana aliambiwa hatasumbuliwa. Oktoba 2021 wakapanguliwa barabarani wakahamishwa, yeye kahama na karai lake, karudi, kahama tena. Mi sasa nikitaka mihogo inabidi nipige simu niulize leo uko wapi.

Na hakuna anayemkagua konda. Konda analamba kidole anahesabu noti, analamba tena, anakurudishia chenji, hiyo noti imetoka kwa muuza dagaa, imepita kwa fundi pancha, ndo unanunulia andazi. Vikombe vya kahawa kijiweni vinaoshwa ndoo moja toka alfajiri, yale maji ikifika saa tano nayo ni kahawa. Chipsi nilishafungiwa kwenye mtihani wa jiografia wa mtoto wa watu, kapata kumi na tatu, mafuta yameingia mpaka kwenye swali la Mto Rufiji, nikala huku namsahihisha. Sijafa. Mi sisemi ni vizuri, nasema sijafa.

Nimepata daladala saa tatu. Nimesimama. Mbele yangu mtu kabeba samaki kwenye foronya, hakuna aliyemwambia yuko kinyume na sheria ipi.

Nyumbani mke wangu, "Umekula?" Nikasema nusu. Nikamweleza yote, katiba, mgambo, bahasha, 0.5. Kanisikiliza huku anakunja nguo, akauliza swali moja tu, "Na hiyo buku uliitoa wapi?" Nikanyamaza. Kuna mambo mtu unakabiliana nayo siku moja moja.

Sasa Jumatatu saa mbili asubuhi niko kata, shahidi namba moja na pekee, kazini nimwambie bosi naenda kufanya nini sijui. Na ile bahasha wameiweka droo moja na barua za utambulisho za watu, kwa hiyo kama una barua yako kule kata na inanukia nukia usishangae, utapelekewa benki hivyo hivyo.

Ila kama kuna anayemfahamu yule kijana, mrefu, fulana ya njano, anachechemea kidogo mguu wa kushoto japo leo sikuona akichechemea, mwambieni simtafuti kwa ubaya. Namtafuta kwa mia tano. Na nitamuuliza trei za mayai anapata wapi, hizi za maboksi, maana mwanangu yule anayesema anasoma ananiambia eti ukizibandika ukutani zinazuia kelele, wenye kujua wanasema hazizuii ila mi nishachoka, na jirani yangu wa chumba cha pili kaleta spika mbili ndefu kama milango, anafungulia taarabu saa nne usiku akiwa hayupo, yani anafungulia halafu anatoka. Si hiyo. Imeanza. Ngoja nikagonge, na leo sitaji katiba.