Kabla ya milango ya fahamu, fungueni mlango wa bustani

Bustani ya wazee wenye dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hupangwa kwa milango mitano ya fahamu. Unaosahaulika ni wa sita, wenye kitasa. Ukifungwa kwa ufunguo, maua yote ya nje yanabaki picha ya dirishani. Mlango huo uonekane kutoka sebuleni, usiwe na kizingiti, na mchana kutwa uwe wazi. Usalama utokane na uzio uliofunikwa na mimea, na geti lipakwe rangi ileile ya uzio, lisimvute anayetafuta njia ya kwenda kwao.

Njia iwe ya mzunguko, imrudishe mtembezi pale alipotokea. Inayokomea ukutani humwacha mzee amesimama hajui ageukie wapi. Upana wa mita 1.5 unatosha wawili kwenda sambamba.

Ila kosa kubwa liko chini ya miguu. Kwa mzee huyu, rangi inayobadilika ghafla ni shimo au ngazi. Akikuta mfuniko mweusi wa mtaro katikati ya saruji nyeupe, anasita, anainua mguu juu mno, anayumba. Vivuli vya mistari chini ya paa la mbao zilizoachana humfanyia hivyohivyo, na vigae vinavyong'aa huviona vimelowa. Sakafu iwe ya rangi moja, isiyong'aa, mwanzo hadi mwisho.

Matuta yainuliwe sentimita 70 hivi, aliyeketi ayafikie. Msitegemee harufu peke yake, maana kwenye Alzheimer, aina ya dimenshia iliyo ya kawaida zaidi, pua hudhoofika mapema. Pandeni majani ya kufikicha: nanaa, mrehani, rozimari. Mchaichai unanukia vizuri, lakini kingo zake hukata, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Maua ya njano na mekundu yanaonekana kuliko ya buluu, kwani lenzi ya jicho hugeuka manjano uzeeni. Oleanda, mnanaha na mbarika zina sumu, zing'olewe zote; kinachofikiwa na mkono kitafika mdomoni.

Viti viwe kila mita 10, vyenye mikono ya kushikia wakati wa kuinuka. Maji yatiririke juu ya mawe bila dimbwi, na choo kiwe karibu, maana sauti ile huamsha haja ndogo.

Kabla ya kumlipa fundi, sukumeni kiti cha magurudumu mzunguko mzima saa kumi na moja jioni, vivuli vikiwa virefu, na wekeni alama kila mahali mnaposita.