Tajiri Mwovu Yuko Wapi?

Jioni moja, kwenye kikundi chetu cha wasomaji hapa Ngamiani, Tanga, mzee mmoja mstaafu wa bandari alifunga riwaya tuliyokuwa tukiijadili, akaiweka mkekani. "Wanangu, nimechoka kusoma habari za watu wanaokufa njaa. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaletwa Chongoleani kutoka Hoima, Uganda, na waandishi bado wanalilia kibanda cha makuti." Binti mmoja mwalimu wa sekondari akamjibu kwa adabu, lakini bila kusita: "Babu, waliomo kibandani hawajahama."

Ukisoma asilimia, mzee ana haki. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Ukihesabu vichwa, binti ana haki: kwa kuwa watu waliongezeka, maskini nao walitoka takriban milioni 12 wakafika milioni 14. Riwaya haiandiki asilimia. Inaandika kichwa kimoja kimoja, na ndiyo maana mimi huwa nasimama karibu zaidi na binti.

Lakini mzee alikuwa na hoja nyingine iliyonichoma. Maskini wa riwayani, alisema, hacheki. Ni wa kuonewa huruma tu kutoka ukurasa wa kwanza. Hapa mtaani mtu anayehesabu sarafu za unga ndiye huyo huyo aliyechangia harusi ya jirani na aliyepiga kelele mpaka sauti ikakauka timu ya Coastal Union ilipocheza uwanja wa Mkwakwani. Mwandishi anayemnyima kicheko anamnyima utu, hata kama nia yake ni kumtetea.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui, hapa Tanga, mwaka 1909, hakufanya kosa hilo. Utubora wake, wa riwaya ya *Utubora Mkulima*, anaacha kazi yenye mshahara mzuri mjini anakwenda kulima, na hakuna ukurasa unaotutaka tumlilie. Ninampenda kwa hilo. Hata hivyo, Utubora alichagua. Nyuma ya Machui, kwenye mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893, kulikuwa na manamba, watu waliotolewa mbali kwa mkataba wakaitwa kwa namba zao. Kwao kuacha mshahara na kushika jembe lao wenyewe hakukuwa suala la maadili mema. Hapo ndipo riwaya za baadaye zilipotusaidia. *Kuli* ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inatuonyesha wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, na humo mnyonyaji ana sura, na wanyonge wana la kufanya.

Tatizo langu ni kwamba tumeendelea kumtafuta mnyonyaji yule yule mwenye kitambi, na Tanga ya leo haipangiki hivyo. Nenda Deep Sea asubuhi samaki wanaponadiwa. Mama amekuja na ndoo na pesa ya kausha damu, mkopo ambao marejesho yake ni ya kila siku. Kusi likivuma vibaya, mitumbwi inalala, mnada haupo, marejesho yako palepale. Anayekuja kuyadai ni kijana wa pikipiki, mtoto wa mtaa huu huu, anayelipwa kwa kamisheni, na asipokusanya anakatwa. Mwandishi akimfanya huyu kuwa shetani wa hadithi atakuwa amedanganya.

Binti alinikatiza hapo, na sijapata jibu la kummaliza. Tukisema hakuna mwovu, alisema, tutakuwa tumemfichia siri yule asiyefika pwani. Kweli, pesa ile ina mwenyewe. Kwa hiyo ninachokitaka kwa mwandishi ni aifuate: kutoka kwenye ndoo ya mama, kwenye daftari la kijana, mpaka ofisi yenye kiyoyozi, na huko atuonyeshe mtu mzima, si kitambi na sigara tu. Ni kazi ngumu kuliko kulaani. Na shuleni hatuwaandai vijana kwayo, maana swali la riwaya lina jibu la kukariri: tabaka la juu, tabaka la chini, mgogoro, alama tano.

Wiki iliyofuata binti alituletea hadithi ya mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Mama amejificha kwa jirani. Kijana wa marejesho anaingia, anachomoa redio ukutani, anaukunja waya taratibu ili usikatike. Kabla ya kutoka anaomba maji. Mtoto anamchotea mtungini, kwa kikombe cha mama. Kijana anakunywa yote, anasema ahsante, anaondoka na redio. Basi, imeishia hapo.

Mzee aliisoma mara mbili, karatasi ameisogeza karibu na taa. Akauliza yule kijana anaishi mtaa gani, na redio aliipeleka kwa nani. Binti akasema hadithi haikusema.

"Mwambie aendelee," alisema mzee. "Aanzie hapo hapo kijana anapowasha pikipiki."