Mmisionari Hayupo

Asubuhi ya leo, kabla sijameza hata funda moja la chai, nimeambiwa kwamba mmisionari hayupo. Nimeambiwa hivyo mlangoni kwangu, na mmisionari ndiye mimi.

Mzee alikuwa amevaa kanzu na koti juu, kama wazee wa hapa Masaka, Uganda, wanavyovaa wakiwa na shughuli ya maana, na kwapani amebana jogoo. Mimi ni mtu wa Singida. Kuku nawajua. Huyu alikuwa mwekundu, kifua kimejaa, miguu ya njano, kilo tatu bila ubishi. Nikatoa shikamoo kwa moyo wote. Mzee akajibu, "Mzuri," halafu akachungulia juu ya bega langu.

"Iko wapi mzungu ya misheni?"

Kiswahili chake alikitoa reli, Nakuru, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977. Alinieleza hayo baadaye tulipokuwa na muda, na muda tulikuwa nao. Nikamwambia kwa unyenyekevu, mzee wangu, mmisionari ni mimi. Akacheka kwa upole, kama anayeheshimu bidii ya kijana.

"Najua, wewe fanya kazi kwake. Yeye iko lala?"

Nikajikusanya. Nikamkumbusha kwamba ni hapa hapa Masaka alipokuwa Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kuwa askofu Mkatoliki. Mzee akasema Kiwanuka alimwona kwa macho yake, mtu mkubwa sana, ila yule alikuwa askofu, hakuwa misheni. Nikamtolea Apolo Kivebulaya, Muganda, aliyefika Mboga kule Kongo mwaka 1896 kuhubiri Injili. Hapo mzee akakubali kabisa.

"Ndiyo. Lakini huyo alitoka hapa, akaenda huko. Wewe natoka wapi?"

"Tanzania."

Mzee akaketi. Jogoo akahamishiwa kwapa la pili.

"Mwaka 1979," akasema.

Kila Mtanzania aliyewahi kukaa upande huu wa mpaka wa Mutukula anaijua sentensi hiyo. Huanza na shukrani: mlikuja, mkamtoa Amin, Mungu awabariki. Nikainamisha kichwa kupokea shukrani kwa niaba ya Taifa, ingawa mwaka huo baba yangu alikuwa bado anachunga mbuzi. Kisha ikaja sehemu ya pili. Askari mmoja, mrefu, aliazima redio ya mzee asikilize habari. Redio ya betri nne, imenunuliwa Nakuru kwa jasho la reli. Askari akasonga nayo mbele. Aprili 11 Kampala ikaanguka, redio haikurudi.

"Wewe fahamu yeye?"

Nikasema Tanzania ni kubwa, mzee wangu.

"Alikuwa na mwanya hapa mbele," akakazia.

Nikafumba mdomo. Mwanya ninao, tena wa kupitisha njiti ya kiberiti, na ni wa ukoo.

Basi tukakaa, mimi nikijibu kwa kutikisa kichwa. Saa nne. Saa tano. Mke wangu akaleta chai; mzee akashukuru, akamuuliza kama mzungu ni mkali. Mke wangu, niliyefunga naye ndoa madhabahuni mbele ya watu, akasema si mkali, ila anapenda sana kulala. Saa sita mzee akasimama, akasema atarudi mwenyewe akiamka. Jogoo akaondoka naye. Nilimsindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, macho yangu kwenye ile miguu ya njano.

Chuo cha Biblia walitufundisha kuvumilia mawe, jela na kuvunjikiwa na merikebu. Hakuna aliyetufundisha kuwa mtumishi wa ndani wa mzungu asiyekuwepo! Mwenyekiti wa kijiji, kwenye barua ya utambulisho, penye kazi ameandika "mlinzi" na muhuri akagonga. Haya, nimekubali, mlinzi. Mbona sasa fundi bomba ananitajia bei ya mzungu? Anasema hanidai mimi, anamdai bosi. Boda naye hivyo hivyo. Yaani kwenye bei mimi ni mzungu, kwenye jogoo ni shamba boi. Nichagulieni kimoja basi nikizoee!

Takisi za hapa za abiria 14 sizisemi, kwani ukipakatwa na watu kwa saa nzima mkisubiri ijae mnakuwa ndugu. Matoke nayo siruhusiwi kuyalalamikia, mke wangu ni Mhaya.

Na huko nyumbani ndiko kabisa. Kwa ndugu zangu mimi niko "nje ya nchi". Shemeji ameniagiza kompyuta, maana huko nje vitu ni bure. Shemeji, niko Masaka! Ukipanda basi Bukoba asubuhi unaweza kuja kuichukua mwenyewe hiyo kompyuta ambayo haipo. Kamati ya misheni nayo inataka ripoti yenye picha, watu wawe wengi na watabasamu. Fedha ya matumizi haina haja ya picha, ndiyo maana inachelewa kufika.

Tena ni Novemba, na jirani ametega senene, wale panzi wa kuliwa. Mwenye kuijua Masaka ananielewa. Mabati yamesimamishwa, mapipa chini, na taa zinazowaka kwa jenereta usiku kucha. Ndani kwangu umeme umekatika, lakini uani naweza kuokota sindano saa nane za usiku. Kulala hakuna. Nilitoka kwenda kuzungumza naye kama mtumishi wa Mungu, nikamkuta mke wangu ameshafika na ndoo, wanacheka. Nikaanza kusema habari za utulivu wa usiku. Mke wangu akaniuliza kama Walawi sura ya 11 haijaruhusu nzige na jamaa zake. Imeruhusu.

Kwa hiyo sasa hivi, badala ya kuandaa mahubiri ya Jumapili, nimewekewa ndoo mbili nichambue mabawa na miguu. Wanateleza hawa viumbe, bila majivu viganjani huwashiki. Na majivu yamekwisha, nimeambiwa nikaombe kwa jirani.