Mickey 17: Kibarua Kisichoota Nyasi

Katika filamu ya Mickey 17, mashine inamtoa Mickey kidogo kidogo. Ikishamtoa nusu inamvuta ndani tena kidogo, halafu inamsukuma nje, kama printa ya stesheneri inayosumbua. Safari moja wahudumu wamezubaa, hawajasogeza kitanda, na mtu mzima, uchi wa mnyama, anateleza na kudondoka sakafuni puu. Nilicheka kwa sauti, halafu nikaona aibu. Mtu ndiyo kwanza anazaliwa upya baada ya kufa kazini, na mimi nacheka.

Kama Mickey 17 ingebaki kwenye chumba kile cha printa, tusingekuwa na ugomvi kati ya wanaoiponda na wanaoitetea. Ugomvi upo kwa sababu ya jina lililo juu ya bango. Bong Joon-ho wa Korea Kusini alitoka kwenye Parasite, filamu ya mwaka 2019 iliyobeba tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, ambayo hakuna filamu isiyo ya Kiingereza iliyokuwa imewahi kuipata. Ile aliitengeneza kwa takriban dola milioni 11. Kwa hii studio ya Warner Bros. ilimpa milioni 118. Ilitangazwa kwamba ingetoka Machi 2024, tarehe ikapigwa danadana, ikafika kumbini Machi 2025. Mkeka ukishatandikwa hivyo, mgeni akiingia na kandambili watu lazima wanong'one.

Kisa chenyewe ni kitamu. Katika miaka ijayo, Mickey Barnes (Robert Pattinson) na rafiki yake Timo wamekopa kwa mtu mbaya wakafungua duka la vitafunwa, duka likafa, deni likabaki. Njia ya kumkimbia mkopeshaji ni kupanda chombo kinachokwenda kuanzisha makazi kwenye sayari ya barafu iitwayo Niflheim. Nafasi ni za kugombania. Mickey anasaini kazi asiyoijua kwa sababu hakuisoma fomu, na kazi yenyewe ni kufa. Wakitaka kupima mionzi, anatolewa nje yeye. Wakitaka kutafuta chanjo, anavutishwa hewa ya sayari hadi atapike damu, kisha wanamfyatua mwingine kama tofali, na kumbukumbu zake zinarudishwa kichwani. Huku kwetu kibarua huota nyasi. Kibarua cha Mickey hakioti nyasi hata mwenyewe akifa.

Riwaya ya Edward Ashton iliyozaa filamu hii inaitwa Mickey7. Bong kaongeza namba hadi 17, na mimi nadhani alifanya vyema: kifo cha saba bado ni tukio, cha kumi na sita kishakuwa zamu. Hapo ndipo filamu inapouma. Mickey wa 17 katumbukia kwenye shimo la barafu, mzima, anaomba kuokolewa. Timo anashuka kwa kamba, lakini alichofuata ni silaha ya kurusha moto. Vifaa vina thamani. Kabla ya kupanda juu anamuuliza rafiki yake, kwa udadisi wa kawaida kabisa, kufa kunakuwaje. Swali hilo Mickey anaulizwa na kila mtu, kama sisi tunavyomuuliza aliyetoka safari ya mbali habari za huko.

Kisha anaingia Kenneth Marshall, na hapa ndipo nakubaliana na wanaoiponda. Mark Ruffalo anamcheza mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi duniani akaamua kwenda kutawala sayari. Meno mbele, midomo imebinuka, wafuasi wake wamevaa kofia nyekundu. Mkewe Ylfa (Toni Collette) anahangaikia michuzi. Kuna chakula cha jioni ambapo Mickey analishwa nyama ya maabara, anaanguka akitapatapa, na kinachowaumiza kichwa wenyeji ni zulia. Mara ya kwanza inachekesha. Lakini Marshall hakai chini. Anapiga kelele kila akitokea, na anatokea mno. Katika nusu ya pili, swali la mtu anayeuawa kwa ratiba linasukumwa pembeni ili tumtazame bwana mkubwa akijipamba mbele ya kamera.

Wengi walimwona Trump mle ndani, hasa kwa vile kuna risasi inayomparuza Marshall shavuni. Ila hilo tusimtwike Bong: upigaji picha ulifanyika Uingereza mwaka 2022, na Trump alipigwa risasi ya sikio Julai 2024. Kosa langu na Marshall ni jingine. Mtu wa namna hiyo, ukimkoleza zaidi ya alivyo kwenye taarifa ya habari, unamfanya asitishe tena.

Wanaoitetea wana hoja nzito, nayo ni hii: Bong hajawahi kuwa nadhifu. Katika filamu yake The Host ya mwaka 2006 familia iliyofiwa inagaagaa sakafuni ikilia kwa pamoja hadi mtazamaji anashindwa kujizuia kucheka. Okja, filamu yake nyingine, ina mabosi wanaobwata vilevile. Parasite, iliyobana kila skrubu, ndiyo iliyokuwa ngeni katika kazi zake, nasi tuliomjulia pale tukadhani ndiyo kawaida yake. Nakubali. Tofauti ni kwamba fujo ya The Host inatoka ndani ya familia ile ile tunayoifuata. Fujo ya Mickey 17 inaletwa na mgeni, huku watu tuliokwisha kuwazoea wakiachwa njiani. Kai, askari anayeanza kumpenda Mickey, anapewa muda wa kutosha kutufanya tungoje kitu, kisha hadithi inamwacha hivi hivi.

Pattinson, kwa upande wake, sina la kumdai. Wa 17 anaongea kwa sauti nyembamba ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea. Wa 18, aliyefyatuliwa kimakosa mwenzake akiwa hai, ana macho ya shari. Sura moja, nguo zilezile, na hukosei nani ni nani.

Kuhusu fedha, filamu ilikusanya kama dola milioni 133 duniani, na ukiondoa fungu la wenye kumbi na gharama za matangazo hiyo ni hasara. Studio ina haki ya kununa. Mtazamaji hakukopesha mtu.

Karibu na mwisho, Mickey akiwa na kitufe cha kulipua printa mkononi, anapata njozi: Ylfa yuko peke yake usiku pembeni ya mashine, anamfyatua upya mumewe aliyekufa, na hana haraka. Hakuna anayebwata. Printa inavuta, inasukuma, inavuta. Dakika chache tu, zinatisha na zinachekesha kwa pamoja, na Marshall ndani yake hajafungua mdomo.