Nyuzi zimetoka, mpira bado

Siku ya kutolewa nyuzi ndiyo ya hatari kwa mchezaji aliyepasuliwa tumbo. Kovu limekauka, na jioni wenzake wanampitia waende wakapige mpira ufuoni Pirates, Mombasa. Tatizo letu ni kulipima tumbo kwa macho.

Ngozi hufunga kwa wiki mbili hivi. Chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia misuli, na huo ndio ukuta wenyewe. Wiki ya 6 huwa na takriban nusu tu ya nguvu zake. Hukaza kwa miezi, wala haurudi kuwa kama ulivyoumbwa. Ukilemewa mapema huachia, utumbo ukajipenyeza: ngiri ya kovu.

Kulala mwezi mzima, kama mashangazi wanavyoamuru, nako si dawa. Damu ikituama miguuni huganda, na bonge laweza kupanda mapafuni. Ndiyo maana wauguzi humtembeza mgonjwa mapema. Nyumbani anza na dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa siku. Pale bustani ya Mama Ngina panafaa, pamesakafiwa. Ufuoni ngoja maji yapwe, ufuate mchanga mbichi ulioshindiliwa. Ule mkavu huzamisha mguu na kulitesa tumbo.

Ajabu ni kwamba mtu huogopa kukimbia, ila mfereji ukikauka anabeba mtungi wa lita 20. Hizo ni kilo 20! Wiki 6 za kwanza mimi nisingeruhusu zaidi ya dumu la lita 5. Hata hilo, toa pumzi unapoliinua, kwani kuziba pumzi hupandisha shinikizo tumboni. Ukikohoa, kumbatia mto juu ya mshono. Choo kigumu husukuma ukuta uleule, na dawa za maumivu mara nyingi ndizo zinazokifunga: kunywa maji, kula papai, omba cha kulainisha.

Daktari akiridhika baada ya wiki 6, baiskeli kwanza. Baharini, kidonda kiwe kimefunga kabisa. Mchakamchaka baina ya wiki ya 8 na 12. Mpira wa kugongana usiguse kabla ya miezi 3, na golikipa angoje zaidi. Kabla ya kuingia kila hatua mpya, lala chali uinue kichwa: mstari wa kati wa tumbo ukichomoza, bado.

Uvimbe kwenye kovu ukiuma na kugoma kurudi ndani, pamoja na kutapika, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, bila kula kitu njiani.